Kijivu cha Mpumudde

Mama alinunua fremu kabla sijafanya mtihani. Aliipata sokoni Jinja, fremu ya plastiki yenye rangi ya dhahabu, na ndani yake picha iliyokuja nayo kutoka kiwandani: familia ya Kizungu yenye meno mengi, baba, mama, watoto na mbwa, wote wamekaa kwenye nyasi zisizo na siafu. Aliipigilia ukutani sebuleni kwetu Mpumudde, juu ya televisheni, akasema picha ikae hapo kwa muda tu, ilinde nafasi ya cheti changu. Wageni waliokuja kunywa chai waliuliza wale ni kina nani.

"Hao?" Mama alisema. "Hao wanapisha."

Cheti chenyewe ni cha wataalamu wa kupima mipaka ya ardhioevu. Najua kinavyosikika. Shangazi yangu nilipomweleza aliuliza, "Yaani kuna watu hawajui kinamasi kinaishia wapi? Si pale viatu vinapokauka?"

Nilimweleza kwa kirefu, maana mimi siwezi kueleza kwa kifupi. Nilimwambia kwamba watu hufyeka mafunjo wakapanda mpunga, wakachimba mitaro, wakamwaga kifusi, na baada ya misimu michache kila mtu ana viatu vikavu na hati ya kiwanja. Hapo ndipo anatakiwa mtu wa kuja kusema: mstari ulipita hapa.

"Na huyo mtu ni wewe," shangazi alisema. Hakuwa anauliza. Alikuwa ananihurumia.

Ukweli ni kwamba mstari nilikuwa nauchora tayari. Nilifanya kazi katika ofisi moja ndogo ya upimaji mjini Jinja. Mimi ndiye niliyeingia matopeni, nikachora ramani, na chini ya kila ramani akaweka sahihi bwana mmoja mwenye cheti ambaye sikuwahi kumwona akiwa na doa la tope. Aliiangalia ramani kama mtu anayeangalia mtoto wa jirani, akasema "Safi," kisha akaweka sahihi kubwa, mara nyingine juu ya mto wenyewe. Nililazimika kuchora mto upya.

Kisha bodi inayotoa vyeti ikatoa amri. Kuanzia mwaka uliofuata, asiye na cheti asiingie kinamasini na kifaa chochote cha kupimia. Angebaki ofisini akipaka rangi ramani za wengine. Mtihani ungefanyika Mbale, na hakuna aliyejua utarudiwa lini. Kwa hiyo sikuwa nakwenda kutafuta karatasi ya ukutani, ingawa mama aliamini hivyo. Nilikuwa nakwenda kutafuta ruhusa ya kuendelea kujichafua.

Hapa lazima nikiri mambo. Kazi hii sikuisoma chuoni. Niliisoma kwenye simu, nimelala chali, video baada ya video. Walimu wangu walikuwa wanaume wenye kofia, wa nchi zenye theluji, na kwa muda mrefu nilijua majina ya magugu ya kwao kuliko jina la nyasi iliyokuwa ikinikata miguu kule Buwenge. Na mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake. Anaamini kwamba wenzake wote waliambiwa jambo fulani siku ya kwanza darasani, jambo la msingi kabisa ambalo halimo katika video yoyote, na kwamba siku moja, mbele za watu, ataulizwa hilo.

Ndiyo maana nanyoosha. Suruali ya kuingilia matopeni naipiga pasi. Nikichimba shimo la kupimia, nasawazisha kingo zake kana kwamba mtu atalala humo. Kabla ya kumsalimia mkubwa, najisomea salamu moyoni, halafu nikimfikia namwitikia kabla hajaniamkia. Watu huniita makini. Hakuna anayejua kwamba ni hofu tu iliyovaa nguo safi.

Sasa nieleze kuhusu rangi, kwa sababu rangi ndiyo iliyonifikisha nilikofika. Maji yakikaa ardhini muda mrefu, udongo hupoteza wekundu wake, hugeuka kijivu, na hubaki na vidoa vya kutu pale mizizi ilipopitisha hewa. Unaweza kufyeka mafunjo yote na kukausha maji yote. Kijivu kitakuwa chini kinakusubiri. Kwa hiyo mpimaji hutoboa ardhi kwa kekee ya udongo, chuma kirefu kinachozungushwa kwa mikono, akatoa bonge, akalilowanisha, akalishika juani na kulilinganisha na vipande vya rangi katika kitabu maalumu. Kipande kinachofanana na bonge ndicho jibu. Kijivu, uko kinamasini. Kahawia, uko nchi kavu. Mpaka ni pale jibu linapobadilika.

Kitabu halisi cha rangi ni ghali, na wenye nacho hukiweka kabatini pamoja na hati za nyumba. Bodi ilitutumia picha za kurasa zake kwenye kundi letu la simu, na kuagiza kila mtahiniwa achapishe zake. Watahiniwa walitii. Wengi walichapisha kwa nyeusi na nyeupe.

Nilipoona vitabu vyao walivyovionyesha kwenye kundi kwa fahari, nilikosa pumzi. Kwa vitabu vile kila udongo ni kijivu. Kwa vitabu vile Uganda nzima ni kinamasi, hata kilele cha mlima wa Mbale. Niliweka ujumbe mrefu wa kuwaomba, kwa heshima, wasiende popote na vitu vile. Mmoja akajibu kwa kidole gumba. Basi nikaamua kuwachapishia wote mimi mwenyewe.

Mpumudde kuna kibanda cha kuchapisha, karibu na shule, na bwana anayekiendesha ni mpole sana. Alikuwa mpole zaidi asubuhi ile kabla sijafika. Nilisimama begani kwake na simu yangu, nikiiweka kando ya kila karatasi iliyotoka, nikilinganisha kipande kwa kipande.

"Hii imekuwa baridi mno," nilisema. "Ongeza joto kidogo."

"Dada, hii kijivu na ile kijivu si ndugu?"

"Si ndugu. Ile kwenye simu ina umanjano kwa mbali."

"Mimi siuoni."

"Ndiyo maana wewe hufanyi mtihani."

"Namshukuru Mungu," alisema, akabonyeza tena.

Tulishinda kutwa. Tuliongeza joto mpaka kila kipande kikafanana na simu yangu kabisa, na simu yangu niliiamini kuliko watu. Niliitunza. Ilikuwa na kioo cha ziada, na mfuko, na tangu niliposoma mahali kwamba mwanga wa simu huharibu macho, niliwasha ile kinga ya macho na sikuizima tena. Nilipomaliza, niliweka kurasa ndani ya plastiki ngumu na nikazikata pembe kwa mviringo zisimchome mtu. Vitabu vilikuwa vizuri kuliko mtihani wenyewe. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nilihisi kama mtu aliyekuwepo siku ya kwanza darasani.

Mbale tulifikia uwanja ulio nyuma ya kiwanda kimoja katika Divisheni ya Viwanda. Mwenye kiwanda alikuwa ameuazima kwa bodi, pamoja na hema, viti na wapishi. Zamani palikuwa na kinamasi kisicho na mjadala. Sasa kulikuwa na mpunga uliovunwa upande wa chini, mtaro katikati, na upande wa juu ghala jipya lenye mabati yaliyomeremeta kiasi cha kuumiza macho. Kilikuwa kiangazi. Hakukuwa na maji, hakukuwa na mafunjo. Udongo peke yake ndio ungezungumza.

Mkuu wa watahini alikuwa mzee aliyestaafu jeshini, mpima ramani wa zamani, na kila mtu alimwita afande. Mtihani ulikuwa kwa Kiingereza. Kiswahili alikitumia pale alipotaka kututisha, na watahiniwa wengi, kiliposikika tu, walisimama wima kama watu wanaotafutiwa kosa. Kwangu ni lugha ya jikoni. Sisi ni Wanubi. Babu wa babu yangu aliletwa nchi hii kupigana vita vya watu wengine, na Kiswahili tunakitumia kuulizana chumvi iko wapi. Lakini hofu yangu haihitaji lugha maalumu. Nilisimama wima kuliko wote.

"Sikiliza!" afande alisema. "Mstari wa bodi uko ndani ya hii bahasha. Kila mtu atapanga vigingi vyake. Mwenye vigingi vya kukaa karibu na mstari wa bodi, amepita. Mwenye kwenda mbali, atarudi kwao kulima. Kuna swali?"

Nilinyoosha mkono. Nilimwambia kwamba katika karatasi ya maelekezo, baada ya namba nne kulikuwa na namba sita.

Afande aliniangalia. "Wewe ni nani?"

"Ndiye yule wa vitabu, afande," mtu alisema nyuma, na wote wakainua vitabu vyangu juu, vikang'aa. Afande akatabasamu. Bodi ikaniombea makofi. Nakiri kwamba niliyasikiliza mpaka la mwisho.

Mtu mmoja tu hakuwa na kitabu changu. Alikuwa mama mmoja mnene wa Mbale, mwenye stashahada yake na kazi yake ya siku nyingi ya upimaji, na sauti ya kusikika ng'ambo ya pili ya mtaro. Alikuwa na kitabu halisi. Nililitambua jalada, moyo ukaniruka, kisha akakifungua. Kurasa zilikuwa na mafuta ya sambusa. Kipande kimoja cha rangi kilikuwa na alama kamili ya kidole gumba. Alikuwa anakula karanga, na maganda aliyatumia kuwekea kurasa alama.

"Mama, chukua kimoja cha hivi," nilimwambia. "Kipya."

"Binti ya Jinja, hiyo kitabu yako ni kama kadi ya harusi. Mimi naogopa kuishika. Acha nibaki na mzee wangu."

Kabla ya mtihani kuna desturi yetu ya kulinganisha macho. Tunasimama duara, bonge la udongo linapita mkono kwa mkono, kila mmoja analilowanisha, analinganisha, anataja rangi kwa sauti. Wakitofautiana, wanarudia mpaka wakubaliane. Mkiwa na macho mamoja, wanasema, mtakuwa na mstari mmoja. Bonge lilipita. Wote walisoma kijivu, namba ileile, ukurasa uleule, kama watoto wanaokariri. Watahini walitikisa vichwa kwa furaha; hawakuwahi kuona kundi lililoelewana hivyo. Likamfikia mama wa Mbale.

"Kahawia," alisema.

"Rudia," afande alisema.

Akarudia. "Kahawia. Mnataka niiimbe?"

Duara zima lilimcheka. Mimi pia nilicheka, kwa adabu, nikiangalia yale mafuta ya sambusa.

Tukaanza. Nilitoboa chini kwenye mpunga, nikapata kijivu kikali ambacho hakikufanana na kipande chochote kitabuni. Hilo lilinisumbua, lakini nikaandika "kijivu kupita kijivu" na nikaendelea. Nikapanda. Kijivu. Nikavuka mtaro. Kijivu. Nikafika ukuta wa ghala, nikatoboa kando yake: kupita kijivu. Nikazunguka ghala upande wa juu, nikijua kwamba sasa lazima jibu libadilike. Kijivu, safi kabisa, namba ileile. Nikaangalia kushoto na kulia. Wenzangu wote walikuwa wanapanda nami, sambamba, vigingi mkononi, kama watu wanaofukuza swala taratibu.

Kinamasi kilipita ghala. Kilipita choo. Kilipita gari la bodi, na dereva aliyekuwa amelala ndani akaamka, akaona kigingi kando ya gurudumu, akalisogeza gari bila kuuliza. Kilifika kwenye hema la wapishi. Nilitoboa baina ya masufuria mawili ya pilau.

"Dada," mpishi alisema, "na sisi tuko kwa maji?"

"Udongo unasema hivyo."

"Basi udongo ingesema asubuhi. Tumewasha moto hapa bila shida."

Vigingi vyetu vilisimama nyuma ya hema, mstari mmoja ulionyooka wa kupendeza. Sijawahi kuona mpaka mzuri kama ule. Huko chini kabisa, mama wa Mbale alikuwa peke yake na vigingi vyake. Mstari wake ulipita kwenye mpunga, ukapinda, ukakata kona ya nyuma ya ghala, ukatoka. Ulikuwa mstari mbaya, uliopindapinda. Nilimwonea huruma kidogo, huruma ya mtu aliyepita mtihani.

Nilishuka kumsaidia kubeba kekee yake. Alisimama mbele ya vigingi vyake, akaweka kilemba sawa.

"Nipige picha na vigingi vyangu, nikifeli nipate ushahidi. Simu yangu imekwisha moto. Tumia yako."

Nikapiga. Akaichukua simu kuangalia, akaisogeza mbali na uso, kisha karibu.

"Binti ya Jinja. Simu yako inaumwa manjano?"

"Vipi?"

"Mbona mimi nimekuwa kama ndizi? Na hii shamba ya mpunga ni kama imepikwa na bizari."

Nilimwambia ni kinga ya macho tu, ile inayotia kioo umanjano. Nilimwonyesha. Niligusa kile kialama kidogo juu ya kioo, na dunia yote ndani ya simu ikapoa ghafla, ikawa bluu, ikawa ya kweli. Nilijiona begani kwa yule bwana mpole wa Mpumudde, kutwa nzima: ongeza joto, ongeza joto. Nilikuwa nimechapisha kijivu chenye ugonjwa wa manjano. Kijivu changu kilikuwa kahawia. Ndiyo maana nchi kavu yote ya Mbale ilifanana nacho, na kinamasi chenyewe hakikumo.

Nilimwomba kitabu chake. Nilikishika kwa ncha za vidole, halafu nikakishika kwa mkono mzima. Bonge la nyuma ya hema: kahawia, bila ubishi. Bonge la kona ya ghala: kijivu chenye vidoa vya kutu, kikafanana na kipande chenye alama ya kidole gumba kana kwamba kidole kile kiliwekwa pale kunionyesha. Nikatoboa tena, na tena, huku na huku ya vigingi vyake. Mstari uliopindapinda ulikuwa sahihi. Mama wa Mbale aliniangalia nikihangaika, akasema, "Ukimaliza, nirudishie maganda yangu mahali yalipokuwa."

Watahini walikuwa wameketi hemani na meneja wa kiwanda. Afande alikuwa amekwisha kufungua bahasha, na hakuna aliyekuwa anakula. Nilielewa sababu nilipoiona ramani ya bodi. Mstari wake ulikuja vizuri kutoka kwenye mpunga, ukafika karibu na ghala, na hapo ukageuka, ukazunguka ukuta wote kwa upande wa chini kama mgeni mwenye viatu vipya anayekwepa dimbwi, kisha ukarudi ulikokuwa unakwenda. Watahiniwa wote, kwa kauli moja, walikuwa wameliweka ghala kinamasini, pamoja na choo na pilau. Meneja alikuwa ameshika kijiko na hajui akipeleke wapi.

"Afande," nilisema, "kuna kasoro. Ni yangu."

Nikaeleza yote. Simu, kinga, kibanda, joto. Nilieleza kwa kirefu. Nilingojea kufukuzwa, na badala yake niliona nyuso zikifunguka moja baada ya nyingine. Meneja akameza.

"Huyu binti ni mkweli!" afande alisema, akasimama. "Mpigieni makofi!"

Wakapiga. Yalikuwa makofi ya pili ya siku ile na sikuyapenda hata moja. Afande aliita watahiniwa wote na kutangaza kwamba kwa kuwa vitabu vilikuwa na kasoro, bodi kwa huruma yake haitamfelisha mtu. Kila mmoja ataweka sahihi kwenye tamko fupi, na atapewa cheti chake leo leo. Akaweka mezani rundo la vyeti. Vilikuwa vimekwisha kuchapishwa, na majina yetu, na korongo wa kishungi, ndege wa nembo ya nchi, kila pembe. Changu kilikuwa cha juu. Kilikaa mezani kikiwa kimenyooka kabisa. Hata mimi nisingekinyoosha zaidi.

Tamko lilikuwa sentensi moja. Lilisema sisi watahiniwa tunakiri kwamba vitabu vyetu vya rangi vilikuwa na kasoro, na kwamba mstari wa bodi ndio mpaka sahihi wa ardhioevu hii.

"Na mimi?" mama wa Mbale aliuliza. "Kitabu yangu haina kasoro. Ina mafuta."

"Mafuta ni kasoro," afande alisema.

Wenzangu waliweka sahihi haraka, wakicheka, wakinipiga mgongoni, wakinishukuru kwa kosa langu. Kalamu ikanifikia. Naomba mtu asinisifu kwa kilichofuata. Haukuwa ujasiri. Ni ugonjwa uleule unaonifanya ninyooshe viti vya watu wengine misibani. Nilisoma sentensi ile, nikaona nusu yake ya kwanza ni kweli na nusu ya pili si kweli, zimefungwa pamoja kwa neno "na", na mkono wangu ukakataa kuiacha vile.

"Afande, naomba nisahihishe kidogo."

"Sahihisha nini? Namba tano?"

Nilikata nusu ya pili kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaweka sahihi chini ya iliyobaki, na kwa sababu siwezi kujizuia, nikaweka nukta.

Pilau ilisikika ikitokota. Afande aliisoma karatasi. Akaacha Kiingereza.

"Binti. Cheti hii hapa. Unaiona?"

"Naiona, afande."

"Ina jina lako."

"Ndiyo, afande. Lakini kona ya ghala ni kijivu. Nimeitoboa na kitabu cha huyu mama. Kosa langu lilipandisha mstari mpaka kwenye masufuria. Halikuushusha wa bodi ukazunguka ukuta."

"Hujaulizwa kuhusu ukuta."

"Sijaulizwa, afande."

Alikivuta cheti changu kutoka juu ya rundo, taratibu, akakiweka chini kabisa, kisha akaona hapo pia kinaonekana, akakikunja mara mbili na kukitia mfukoni. Lile kunjo la pili lilienda upande. Liliniuma kuliko yote.

Mama wa Mbale alikataa kushika kalamu kabisa. Alipanguza mikono kwenye kanga, akanishika bega. "Sasa tumefeli wawili. Twende tule kabla hawajaondoa. Chakula haina makosa." Tukala pilau yao nyuma ya hema, tumekaa juu ya vigingi vyangu.

Nyumbani mama alikuwa amepangusa fremu.

"Kiko wapi?"

"Mama, nilikata nusu ya sentensi."

"Nusu ya sentensi ndiyo iliyokula cheti?"

"Ndiyo, mama."

"Na ile nusu iliyobaki, ilishindwa kukutetea?"

Mwaka ulipogeuka nilibaki ofisini, napaka rangi ramani zilizopimwa na wenzangu wenye korongo kila pembe. Kekee yangu iko nyuma ya mlango, imepakwa mafuta. Mvua ziliposhika, mama wa Mbale alinitumia picha iliyopigwa kutoka barabarani, mlango wa nyuma wa lile ghala ukiwa wazi. Katika kona aliyoikata kwa vigingi vyake, vijana walikuwa wanapandisha magunia juu ya matofali, maji yamewafika kwenye vifundo vya miguu. Kabla ya kufurahi nilihakikisha kinga ya macho imezimwa. Maji yalikuwa ya rangi yake. Nikafurahi, halafu nikaanza kuhangaika kwamba matofali hayakupangwa sawa.

Siku chache baadaye afande alinipigia simu mwenyewe. Nilisimama wima jikoni.

"Binti, kuna mtihani mwingine unakuja. Bodi inataka wewe utengeneze vitabu vya rangi. Vya wote."

"Mimi, afande? Baada ya yale?"

"Una uzoefu. Hakuna mtu anajua hiyo kosa kukuzidi."

Nilikubali kwa sharti kwamba nitavilinganisha na kitabu cha mama wa Mbale, chenye mafuta. Alikohoa, akakubali. Nilijua ninachofanya. Kila atakayekwenda kutoboa ardhi safari hii atakuwa na kijivu cha kweli mkononi, na sentensi ya bodi italazimika kuwa ndefu zaidi. Basi nikapata moyo, nikamwomba na mimi aniandikishe nirudie mtihani.

"Hapana," alisema. "Mwenye kutengeneza vitabu haruhusiwi kufanya mtihani. Ni mgongano wa maslahi."

"Na nikiacha kutengeneza vitabu?"

"Nani atatengeneza vizuri kama wewe?"

Nimetafuta njia ya kumjibu mpaka leo. Nimeandika majibu mengi, nimeyanyoosha, na bado hayajakaa sawa. Yule bwana mpole wa Mpumudde aliponiona nikiingia kibandani na kitabu chenye harufu ya sambusa alifunga dirisha moja, lakini mlango aliuacha wazi.

Fremu bado iko juu ya televisheni. Mama hasemi tena kwamba wale Wazungu wanapisha. Wageni wakiuliza ni kina nani, anawamiminia chai kwanza.

"Hao," anasema, "ndio watahini waliomfelisha mwanangu."

Na wageni huinua macho ukutani, wakamwangalia hata mbwa kwa hasira.